Fuata Watu, Utaukuta Unga: Mafunzo Niliyopata Leicester

Mtu akihamia ugenini, akishapata kazi na chumba, swali linalofuata ni la chakula. Sembe inauzwa wapi? Muhogo je? Na nazi ya kukamua tui zito? Mimi nimelelewa Tanga na sasa naishi Leicester, mji wa katikati ya Uingereza, na maswali haya naulizwa na karibu kila mgeni anayefika kutoka nyumbani. Wengi wao huwa wameshaandika kwenye simu "duka la vyakula vya Kiafrika", wakaelekezwa kwenye duka moja la mbali lenye bei kali, wakakata tamaa. Huwaambia kwamba chakula hufuata watu. Ukijua nani anaishi mtaa gani na alifikaje pale, utajua wapi pa kununua nini. Haya ndiyo niliyojifunza, na naamini mengi yatamfaa hata aliyeko Birmingham, Minneapolis au Muscat.

1. Anza na historia ya mji

Mgeni wangu humpeleka kwanza Belgrave Road. Ni barabara ya masonara, maduka ya sari na maduka ya mboga yaliyopanga makasha yao nje, kuanzia tangawizi mbichi hadi miwa. Wenye maduka wengi ni Wagujarati, na familia nyingi kati ya hizo hazikuja moja kwa moja kutoka India. Zilitokea kwetu. Wapo walioondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, wapo walioondoka Tanzania baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971, na wapo wengi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Watu wapatao 28,000 waliingia Uingereza kutoka Uganda. Halmashauri ya Leicester ilifika mahali pa kulipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, Septemba 1972, ikiwasihi wasije huku kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Wakaja hivyo hivyo, wakafungua maduka, na sensa ya 2021 ikaonyesha kuwa wakazi wenye asili ya Asia ni takriban asilimia 43 ya mji mzima.

Kwa mpishi wa Kiswahili, historia hii ina manufaa ya moja kwa moja. Watu hawa walikula muhogo, mbaazi na mandazi huko Kampala, Mwanza na Mombasa, na walipofika huku hawakuacha. Ndiyo sababu muhogo haukosekani Belgrave, mbichi na wa kugandishwa, na mikahawa inauza wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu. Wazee wao wengi bado wanakisema Kiswahili. Mama mmoja mwenye duka alinisikia nikizungumza na ndugu yangu kwenye simu, akangoja nimalize, kisha akaniuliza, "Umetoka wapi, mwanangu?"

"Shikamoo, mama. Natoka Tanga."

"Marahaba. Mimi nimezaliwa Mwanza."

Akaniita nyuma ya duka, akafungua boksi la mbaazi mbichi zilizo bado kwenye maganda, mzigo ambao ulikuwa haujapangwa nje. Sijawahi kuelekezwa na simu mahali kama pale.

Baada ya Wagujarati mji ulipokea wengine. Wasomali walikuja, baadhi yao wakitokea Uholanzi, na wengi wakakaa upande wa St Matthews. Wazimbabwe waliongezeka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wapolandi walifika baada ya nchi yao kuingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004. Narborough Road, upande wa magharibi, iliwahi kuchunguzwa na watafiti wa chuo cha London School of Economics, wakakuta wenye maduka wametoka zaidi ya nchi 20 katika barabara moja. Mahali ulipo wewe pana orodha yake. Uliza nani alikuja, lini, na kwa sababu gani.

2. Jua kitu kinaitwaje na anayekiuza

Hapa ndipo wageni wengi hukwama. Kitu kipo mbele ya macho yao, ila kimeandikwa jina lisilo lao. Muhogo kwa Wagujarati wa huku ni "mogo", na kwenye pakiti za kutoka Amerika ya Kusini ni "yuca". Mbaazi kavu kwa Wahindi ni "toor" au "tuver", na kwa watu wa Jamaika ni "gungo". Magimbi yanaweza kuwa "arvi", "eddo" au "dasheen", kutegemea umeingia duka la nani. Mchicha unaofanana na wa kwetu utaupata kwa watu wa Karibiani ukiitwa "callaloo". Bamia ni "bhindi", ukwaju ni "imli", hiliki ni "elaichi", bizari nyembamba ni "jeera", na unga wa dengu wa bajia ni "besan". Kisamvu kilichotwangwa kikagandishwa huandikwa "pondu" au "saka-saka", nacho kiko kwenye friza za maduka ya Wakongo. Huko nako, ukibahatika kukuta mwenye duka ni mtu wa Goma, Bukavu au Lubumbashi, mtaelewana bila Kiingereza.

Ndizi zinataka uangalifu zaidi. Neno "plantain" huku ni mzuzu, ile ndefu ya kukaanga. Ukitaka ndizi za kupika na nyama, uliza "matoke", na mara nyingi utazipata kwenye duka linalouzia Waganda.

Mimi huweka picha za vitu hivi kwenye simu, na sioni haya kumwonyesha muuzaji. Picha ya ganda la mlonge ilinitatulia kwa sekunde jambo ambalo maneno yalikuwa yameshindwa.

3. Usiishie kwenye duka la Kiafrika

Ninalipenda fundisho hili kuliko yote, kwa sababu limenifanya niingie maduka ambayo nisingeyakanyaga.

Chukua sembe. Supamaketi kubwa huuza unga wa mahindi wa njano, wa chenga au laini, unaopendwa na Wakaribiani. Ugali wake ni mtamu kidogo na haushikamani kama wetu. Unga mweupe uko kwa Wazimbabwe na watu wa Afrika Kusini, wanaouita "mealie meal", na hao wanauuza kwa mifuko mikubwa kwa sababu sadza yao na ugali wetu ni chakula kilekile cha kila siku. Kwenye maduka hayohayo kuna dagaa wakavu wanaoitwa kapenta. Dagaa hawa wana ukoo na wa kwetu hasa: samaki wa Ziwa Tanganyika walipelekwa Ziwa Kariba mwishoni mwa miaka ya 1960, wakazaana, na ndio wanaovuliwa huko hadi leo. Mtu wa Kigoma akiwatia nyanya na kitunguu hatahitaji kuelezwa.

Maziwa mgando nayo niliyakuta kwa Wapolandi. Wana maziwa yaliyoachwa yagande, huandikwa "zsiadłe mleko", mazito, yenye ukali wa kiasi, na yanakwenda na ugali au viazi bila kuongezwa chochote. Mtindi wa kawaida wa supamaketi haufiki hapo.

Halafu kuna nazi. Huku sina mbuzi ya kukunia, na nazi kavu za dukani nyingi ni kuukuu. Duka la watu wa Kerala, kusini mwa India, lina nazi iliyokunwa na kugandishwa. Iache iyeyuke, mimina maji ya uvuguvugu, ikande kwa mkono, kisha ikamue kwenye kitambaa safi kama huna kifumbu. Tui la kwanza linatoka zito na lina harufu ya nazi kweli, na chicha inabaki mkononi vilevile kama nyumbani. Samaki wa kupaka aliyepikwa kwa tui hili na yule wa tui la kopo hawakai sahani moja.

4. Uliza mzigo unaingia siku gani

Duka dogo halipokei mboga kila siku. Mwenye duka anajua gari linakuja lini kutoka soko la jumla, na atakuambia ukimuuliza. Ukienda siku ya mzigo, bamia ni laini na majani yamesimama. Ukienda siku moja kabla, unanunua masalia kwa bei ileile.

5. Jifunze kukagua kwa mkono

Muhogo mbichi unaouzwa Uingereza mwingi unatoka Costa Rica na hupakwa nta ili usikauke safarini. Nta hiyo huufanya ung'ae nje hata kama ndani umeanza kuharibika. Dawa ni kuvunja ncha. Ukikatika kwa mlio na ndani ukawa mweupe pe, chukua. Ukiona michirizi ya buluu au nyeusi, urudishe. Wauzaji wa Belgrave wanalijua hili na wengine watakukatia wenyewe kwa kisu kabla hujalipa. Asiyetaka kuhangaika anunue wa kugandishwa, ambao umeshamenywa na unaingia kwenye maji yanayochemka bila kuyeyushwa. Mimi wa kuchemsha nanunua huo, na mbichi nauweka kwa ajili ya kuchoma.

Bamia pia huvunjwa ncha, isiyokatika imekomaa. Nazi itikise usikie maji, kisha angalia macho yake matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, iache hapo hapo.

6. Vingine vina msimu, na msimu una siasa

Kuanzia Aprili maboksi ya maembe ya Alphonso kutoka India hupangwa milangoni mwa maduka. Hufuatiwa na Kesar ya Gujarat, na kiangazi kikishika huja Chaunsa ya Pakistani. Ukingoja supamaketi utapata embe gumu lisilo na harufu, mwaka mzima. Mei 2014 Umoja wa Ulaya uliyapiga marufuku maembe ya India baada ya nzi wa matunda kukutwa kwenye shehena, na wafanyabiashara wa Leicester waliumia kwa sababu msimu wenyewe ni wa wiki chache. Keith Vaz, aliyekuwa mbunge wa Leicester Mashariki, alipeleka boksi la maembe ofisini kwa waziri mkuu kulalamikia uamuzi huo. Marufuku iliondolewa Januari 2015. Nikiliona boksi la Alphonso leo sisubiri bei ishuke.

Ramadhani na Diwali zina misimu yake pia. Wiki mbili kabla ya Ramadhani, tende nzuri zinakuwa tele na kwa bei nafuu, na zikifungwa vizuri zinakaa miezi. Siku za karibu na Diwali, unga wa dengu na samli huuzwa kwa punguzo Belgrave nzima. Kwa anayepika bajia za biashara, hapo ndipo pa kuweka akiba.

7. Soma lebo, na usome mlango

Kopo la tui limeandikwa asilimia ya nazi. Mengine yana nusu tu, iliyobaki ni maji na vitu vya kuyafanya yawe mazito. Linganisha asilimia kabla ya kulinganisha bei.

Mlangoni mwa maduka ya chakula kuna kibandiko cha alama za usafi, kuanzia 0 hadi 5, kinachotolewa baada ya ukaguzi wa halmashauri. Wales na Ireland ya Kaskazini sheria inamlazimisha mwenye duka kukionyesha. Uingereza kwenyewe halazimiki, lakini alama zote ziko wazi mtandaoni kwa jina la duka. Kwa nyama na samaki mimi huangalia kwanza.

8. Kisichokuwepo, kiombe

Mwenye duka dogo huagiza kinachoulizwa. Mtu mmoja akiulizia unga wa muhogo anapewa pole. Familia kadhaa zikiulizia, na zikasema zitachukua mfuko mzima, unaletwa. Sisi tunaoishi karibu tunaagiza pamoja sembe, maharage na mchele, tunagawana nyumbani, na bei inashuka. Vibandiko vya matangazo kwenye misikiti, makanisa na saluni za kusuka ndivyo vilivyotukutanisha.

Anayekuja kutoka nyumbani asijaze sanduku hiliki na mdalasini, viko huku kwa kilo. Nyama na maziwa asibebe kabisa. Havikubaliwi kuingia, na vikikutwa vinatupwa. Abebe ubuyu wa Zanzibar. Huo bado sijaupata Leicester, na nimeshamwomba mama wa Belgrave aniulizie kwa wanaomletea mzigo.