Umemlipa Fundi wa Programu: Je, Msimbo ni Wako ama Wake?

Biashara nyingi zinazopokea malipo kwa simu siku hizi zina tovuti ama programu ya kuagizia bidhaa. Mteja anachagua anachotaka, anaandika namba yake ya simu, anaombwa PIN, na muda si mrefu pesa iko kwenye Till. Nyuma ya kazi hiyo kuna fundi wa programu, na mara nyingi si mfanyakazi wako. Ni mtu wa kandarasi: mmeelewana bei, amefanya kazi, amelipwa, ameenda zake.

Swali ambalo wengi hawaulizi mpaka maji yazidi unga ni hili: akishaenda, ile programu inabaki ya nani? Katika somo hili tunaangalia sheria ya Kenya inasema nini, mkataba uwe na mambo gani, na funguo zipi unapaswa kushika mwenyewe hata kama hujui kuandika mstari mmoja wa programu. Kama wewe ndiye fundi, usiondoke. Somo hili linakuhusu pia.

Msimbo chanzo ni kitu gani?

Unachokiona kwenye skrini ni kama nyumba iliyokwisha kujengwa. Msimbo chanzo ni yale maandishi aliyoandika fundi ili nyumba hiyo isimame: bei zihesabiwe vipi, ombi la malipo litumwe wapi, risiti itoke lini. Ukiwa na msimbo, fundi mwingine anaweza kuingia kesho akarekebisha ama akaongeza chumba. Bila msimbo, huenda ukalazimika kujenga upya kuanzia msingi, na kulipa mara ya pili.

Tuseme una duka la nguo Kisumu. Umeelewana na fundi akutengenezee tovuti kwa shilingi 80,000. Umempa 50,000, zimebaki 30,000. Tovuti inafanya kazi, wateja wanalipa. Kisha mnakosana juu ya kazi ya ziada ambayo hamkuiandika popote. Yeye anasema, "Msimbo ni wangu, mimi ndiye niliyeuandika." Wewe unasema, "Ni wangu, mimi ndiye niliyelipa." Nani ana haki?

Sheria ya Kenya inasemaje?

Sheria ya Hakimiliki, Sura ya 130, inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, kama vile kitabu. Hakimiliki inaanza kazi inapoandikwa. Huhitaji kuisajili kwanza ndipo ilindwe, ingawa unaweza kuisajili kwa hiari katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Cheti cha usajili husaidia kama ushahidi mzozo ukitokea.

Kwa kawaida hakimiliki huanzia kwa mtunzi wa kazi. Lakini kifungu cha 31 cha sheria hiyo kinaongeza jambo kubwa: kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, hakimiliki inachukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza. Vivyo hivyo kwa mfanyakazi aliyeajiriwa: kazi anayoifanya katika ajira yake inakuwa ya mwajiri. Yote mawili yana sharti moja: labda mmekubaliana vinginevyo.

Kwa hivyo katika mfano wetu wa Kisumu, kama hamkukubaliana lolote juu ya umiliki, sheria inaanza kwa kuegemea upande wa mwenye duka. Na tazama jambo hili vizuri, hasa wewe fundi: maneno ya kifungu hicho hayasemi kwamba uhamisho unangoja malipo ya mwisho. Kama unataka hakimiliki ibaki kwako mpaka ulipwe shilingi ya mwisho, ni lazima uyaweke hayo kwenye mkataba kabla ya kuanza kazi.

Hapa ndipo mikataba ya kunakili kutoka kwenye intaneti inapowaponza watu. Nchini Uingereza na Marekani, fundi wa kandarasi kwa kawaida ndiye anayebaki na hakimiliki ya programu mpaka aihamishe kwa maandishi. Mkataba ulioandikwa kwa ajili ya huko unaweza kuwa na kipengele kinachompa fundi umiliki wote na kukuachia wewe ruhusa ya kutumia tu. Ukiuweka sahihi Nairobi bila kuusoma, umekubali "vinginevyo" ile inayotajwa na sheria yetu. Na kama wewe ni fundi Mkenya unayefanyia kazi wateja wa nje, angalia mkataba unasema sheria ya nchi gani itatumika.

Haki ya karatasi na funguo za mlango

Sasa tuje kwenye jambo linaloumiza biashara zaidi. Unaweza kuwa na haki yote kisheria na bado usiweze kufungua mlango wa duka lako. Hakimiliki ni haki. Neno la siri ni ufunguo. Mahakama inaweza kukuthibitishia haki yako baadaye, lakini wateja wanataka kununua leo.

Funguo zenyewe ni hizi:

1. Jina la tovuti. Majina yanayoishia na .ke husajiliwa kupitia mawakala wanaotambuliwa na KENIC. Hakikisha jina limesajiliwa kwa biashara yako na kwa barua pepe yako, si ya fundi. Anayeandikwa kama mwenye jina ndiye anayesikilizwa kwanza.

2. Akaunti ya seva. Hapa ndipo tovuti inapokaa. Ifungue wewe, uilipie wewe, kisha umpe fundi ruhusa ya kuingia. Ruhusa unaweza kuiondoa. Akaunti ya mtu mwingine huwezi.

3. Hifadhi ya msimbo. Mafundi wengi huhifadhi msimbo kwenye GitHub ama huduma kama hiyo. Fungua akaunti ya biashara, fundi aweke kazi humo tangu siku ya kwanza, si siku ya mwisho. Hata usipoelewa kilichomo, kiko kwako.

4. Funguo za API za malipo. Hizi ndizo zinazoiruhusu tovuti yako kuomba na kuthibitisha malipo. Ziombwe kwa jina la biashara yako. Kama mfumo wako pia unatuma pesa, mathiari kulipa wafanyakazi ama kurudishia wateja, funguo hizo ni sawa na ufunguo wa sefu. Zisiandikwe ndani ya msimbo wenyewe, zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp, na zibadilishwe mara tu fundi anapomaliza kazi.

5. Anwani ya kupokelea majibu. Mteja akilipa, taarifa ya malipo hutumwa kwenye anwani fulani ya mtandao. Ikiwa anwani hiyo iko kwenye seva ya fundi, pesa itaingia kwako, lakini taarifa itapitia kwake: nani amelipa, kiasi gani, saa ngapi.

Huo wa mwisho unagusa pia wateja wako. Majina na namba zao za simu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mtu anayeshughulikia data hiyo kwa niaba yako anapaswa kufungwa na mkataba wa maandishi. Wateja walikuamini wewe, si fundi wasiyemjua.

Kuna kipimo kidogo ambacho yeyote anaweza kukifanya. Nunua kitu kwenye tovuti yako mwenyewe kwa bei ya chini kabisa. Kabla ya kuweka PIN, soma jina la biashara na kiasi. Anayeweza kubadilisha msimbo anaweza pia kubadilisha namba ya Till iliyomo ndani yake. Rudia kipimo hiki kila baada ya marekebisho.

Si kila kitu ndani ya programu ni kipya

Wenye biashara hukosea wanapodai "kila kitu ni changu." Programu moja huwa na mafungu matatu. La kwanza ni msimbo mpya ulioandikwa kwa ajili yako. La pili ni vifaa vya fundi mwenyewe, alivyovitengeneza miaka iliyopita na anavitumia kwa kila mteja. La tatu ni kazi za watu wengine, zinazotolewa wazi kwa leseni ili yeyote azitumie kwa masharti fulani.

Fungu la kwanza linaweza kuwa lako. La pili linabaki la fundi, lakini mkataba ukupe ruhusa ya kudumu kulitumia na kulirekebisha ndani ya biashara yako. La tatu si lako wala lake, na hawezi kukuuzia asichokimiliki. Mwambie aorodheshe mafungu yote matatu. Fundi mzuri hatakasirika. Ataona kwamba unajua unachonunua.

Kumbuka pia kwamba hakimiliki inalinda msimbo ulioandikwa, wala si wazo. Fundi huyo akimtengenezea jirani yako tovuti ya nguo kwa msimbo mpya, hajakuibia. Kama kuna siri za biashara hutaki zitoke, kama vile bei za wauzaji wako ama orodha ya wateja, weka kipengele cha kutunza siri.

Mkataba mfupi unatosha

Ukurasa mmoja ama miwili ya lugha nyepesi ni bora kuliko kurasa 20 ambazo hakuna aliyezisoma. Uandike mambo haya:

- Kazi yenyewe ni ipi, na kazi ya ziada italipwaje.
- Hakimiliki ya msimbo mpya ni ya nani, na inahamia lini. Uhamisho wa hakimiliki, kwa mujibu wa kifungu cha 33, unatakiwa kuwa kwa maandishi na sahihi ya anayehamisha.
- Malipo kwa hatua. Kwa mfano wetu wa 80,000: 25,000 mwanzoni, 30,000 tovuti ikianza kufanya kazi ya majaribio, na 25,000 msimbo na funguo zote zikishakabidhiwa.
- Marekebisho ya bure ni ya muda gani baada ya makabidhiano.
- Mkikosana, mtaanzia wapi: mazungumzo, msuluhishi, kisha mahakama.

Malipo kwa hatua yanawalinda nyote wawili. Fundi hafanyi kazi ya miezi miwili kwa ahadi tupu, na wewe hulipi yote kabla hujashika kitu. Lipa kwa njia inayoacha alama. Ujumbe wa malipo unaoonyesha jina, tarehe na kiasi ni shahidi asiyesahau, kwa hiyo usiufute.

Mambo yakiharibika

Fundi, usizime tovuti ya mteja kwa sababu hajakulipa. Tunajua inauma. Lakini kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, ama kuuvuruga, ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Deni lako la haki linaweza kugeuka kesi dhidi yako. Peleka dai lako kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1 na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60.

Mwenye biashara, nawe usichukue msimbo ukamkimbia mtu na salio lake. Kuwa na hakimiliki hakufuti deni.

Somo hili ni la kukufungua macho, si badala ya wakili. Kazi ikiwa kubwa, mwone wakili kabla ya kuweka sahihi.

Kwa leo, chukua karatasi uandike zile funguo tano: jina la tovuti, seva, hifadhi ya msimbo, funguo za API na anwani ya majibu. Mbele ya kila moja andika jina la anayeishika sasa. Ukiona jina lisilo lako, mpigie fundi wako simu wakati bado mnaelewana.