Kufundisha Somo la Dawa Iliyofunikwa: Mfano wa Tenofovia

Wanachuo wetu, wanapokuwa katika mazoezi ya kufundisha biolojia, huwaambia wanafunzi kwamba dawa za VVU "huua virusi". Usemi huo si sahihi, wala madhara yake hayaishii darasani. Mtoto aaminiye kwamba virusi vimekwisha kufa atamshangaa mzazi anayemeza kidonge kila siku, na huenda akamshauri aache.

Twapendekeza mwalimu aanze na zana. Na akusanye vizibo vya soda, avitoboe, kisha avitie waya hata kila kizibo kiwe na kulabu mbili. Hizo ndizo nukleotidi. Mnyororo wake ni DNA ambayo virusi huijenga ndani ya seli kwa kimeng'enya chao wenyewe. Ndipo apenyeze kizibo chenye kulabu moja tu. Mwanafunzi anayeunganisha atakipokea bila kushuku, na mnyororo utakomea hapo, kwani hapana pa kutungia kizibo kinachofuata. Ndivyo ifanyavyo tenofovia, baada ya seli kuiongezea fosfati mbili.

Lakini dawa hufikaje ndani ya seli? Tenofovia, iliyotokana na kazi ya Antonín Holý wa Prague akishirikiana na Erik De Clercq wa Leuven, hubeba chaji hasi, na kwa sababu hiyo hupenya kwa shida katika ukuta wa utumbo. Wanakemia walizifunika chaji hizo kwa vikundi viwili ving'okavyo mwilini. Ikapatikana tenofovia disoproksili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Sisi tuliiviringishia karatasi ile kulabu moja. Ikiwa wazi, hunasa katika chandarua. Ikifunikwa, hupita kwenye tundu tulilolitoboa. (Mfano huu ulitufaa kuliko tulivyotazamia: upande unaofunikwa ndio huo huo ambao dawa hujiungia na mnyororo.)

Katika jaribio letu mwanachuo mmoja aliuliza: je, minyororo iliyokwisha kukamilika kabla ya dawa kuingia? Swali zito. Minyororo hiyo imejipachika katika DNA ya mtu, na tenofovia haiigusi. Kwa hiyo mgonjwa aachapo dawa, virusi huzaliana upya. Swali hilo lilikula nusu ya kipindi, hata habari za figo tukaziahirisha hadi juma lililofuata.