Kadi za Majaji wa Ngumi: Kila Raundi Ina Mshindi Wake

Usiku wa tarehe 18 Mei 2024 mjini Riyadh, Saudi Arabia, Oleksandr Usyk wa Ukraine na Tyson Fury wa Uingereza walimaliza raundi 12 wote wakiwa wamesimama. Zikasomwa kadi. Jaji mmoja alimpa Usyk 115 kwa 112, mwingine akampa Usyk 114 kwa 113, wa tatu akampa Fury 114 kwa 113. Usyk akaondoka na mikanda yote minne ya uzito wa juu, na mashabiki wakabaki wakibishana. Wengi walibishana bila kujua pointi hizo zilivyopatikana, nami naona hilo linawanyima nusu ya utamu wa mchezo, ilhali hesabu yenyewe si ngumu.

Katika ngumi za kulipwa, jaji hahukumu pambano zima. Anahukumu raundi moja moja, kila moja kivyake. Aliyeishinda raundi anapata 10, aliyeshindwa anapata 9. Bondia akiangushwa mara moja kwa kawaida raundi inakuwa 10 kwa 8, akiangushwa mara mbili inakuwa 10 kwa 7. Kanuni inaruhusu 10 kwa 10, lakini jaji anatarajiwa kutafuta tofauti hata iwe ndogo, kwa hiyo sare ya raundi huioni mara nyingi. Refa naye akimkata bondia pointi kwa rafu, pointi hiyo inaondolewa kwenye kadi zote tatu. Kengele ikilia jaji anaandika, na kadi inachukuliwa. Hana nafasi ya kurudi nyuma kurekebisha raundi ya tatu eti kwa sababu ya alichokiona kwenye ya kumi.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Raundi uliyoishinda kwa makonde mawili tu ya ziada ina thamani ileile ya raundi uliyomchapa mwenzako dakika zote tatu bila kumwangusha. Zote ni 10 kwa 9. Bondia anaweza kutawala raundi tano waziwazi, akapoteza saba kwa tofauti nyembamba, na akashindwa 115 kwa 113 huku uso wa mshindi ndio uliovimba. Unaweza usiupende utaratibu huu, lakini ndio unaotumika.

Turudi Riyadh. Raundi ya tisa, Usyk alimpata Fury kwa mkono wa kushoto, na Fury akayumba kutoka upande mmoja wa ulingo hadi mwingine. Hakulala chini. Kamba ndizo zilizomzuia, na bondia anayeshikiliwa na kamba tu asianguke huhesabiwa kuwa ameangushwa. Refa Mark Nelson akamhesabia, na majaji wote wakaandika 10 kwa 8. Sasa chukua kalamu uirudishe ile pointi moja, raundi hiyo iwe 10 kwa 9. Kadi ya kwanza inakuwa 115 kwa 113 kwa Usyk, ya pili inakuwa 114 kwa 114, ya tatu inakuwa 115 kwa 113 kwa Fury. Hiyo ni sare.

Jaji anaangalia nini ndani ya dakika hizo tatu? Mambo manne: makonde safi, ushambuliaji wenye matunda, utawala wa ulingo na ulinzi. Makonde safi ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko yote. Konde safi ni lile linalofika kwa sehemu ya glovu inayofunika vifundo vya vidole, likatua mbele au pembeni mwa kichwa, au kiwiliwili juu ya mkanda. Lililoishia kwenye glovu za mpinzani au mikononi mwake halihesabiki, hata ukumbi ukilipuka kwa shangwe. Hali kadhalika kusonga mbele tu si kushambulia: bondia anayemfuata mwenzake raundi nzima huku akidakwa na makonde kila hatua anapoteza raundi hiyo. Utawala wa ulingo ni suala la nani anaamua pambano lipiganwe wapi na kwa kasi gani. Jambo hili, pamoja na ulinzi, husaidia pale makonde yanapokuwa karibu sawa.

Majaji ni watatu na hukaa pande tatu tofauti za ulingo, maana mgongo wa bondia au wa refa unaweza kuficha konde zima. Tarehe 13 Machi 1999 kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Lennox Lewis alionekana na wengi kumzidi Evander Holyfield, lakini kadi zilileta sare: 116 kwa 113 kwa Lewis, 115 kwa 115, na 115 kwa 113 kwa Holyfield. Jaji Eugenia Williams, aliyempa Holyfield, alimpa hata raundi ya tano ambayo Lewis alimbana kwelikweli. Baadaye alieleza kwamba wapiga picha walimkinga asione vizuri. Waliporudiana Novemba mwaka huohuo, majaji wote watatu walimpa Lewis.

Hata hivyo, macho sita ni afadhali kuliko mawili. Uingereza ya zamani ilimwachia refa peke yake kazi ya kuhesabu. Mwaka 1971 Joe Bugner alimshinda Henry Cooper kwa robo ya pointi baada ya raundi 15, na uamuzi ulikuwa wa mtu mmoja, refa Harry Gibbs.

Matokeo yakitangazwa, sikiliza idadi ya kadi. Zikiwa tatu kwa bondia mmoja, ni ushindi wa majaji wote. Mbili kwa moja, kama Riyadh, ni uamuzi uliogawanyika. Mbili kwa bondia mmoja na ya tatu sare, ni ushindi wa wengi. Pambano likivunjwa kwa jeraha la kugongana vichwa bila kukusudia, kanuni za sehemu nyingi husema kadi zisomwe iwapo raundi nne zimeshapita.

Ukitaka kujifunza, jaza kadi yako nyumbani. Chora safu mbili kwenye karatasi, zima sauti ya televisheni ili mtangazaji asikuamulie, na puuza takwimu za makonde kwenye kioo kwa sababu jaji hanazo. Andika kengele inapolia, kisha usifute. Kwa mapambano ya ubingwa ya wanawake, kama yale ya Fatuma Zarika wa Kenya aliyeshika mkanda wa Baraza la Ngumi la Dunia (WBC), kwa kawaida utajaza raundi 10 za dakika mbili mbili. Kadi za majaji zikichapishwa, usianze na jumla. Tafuta raundi mlizotofautiana nao, uzitazame tena.