Radi na Picha ya Kifua

Mara nyingine mgonjwa aliyetumwa kupigwa radio ya kifua husimama mlangoni akiuliza, "Je, ndani ya mashini hii mna radi?" Tusimcheke. Radi na mashini hiyo ni ndugu wa mbali, na sisi wa Butembo na Beni, tunaoisikia kila majira ya mvua, yafaa tuujue undugu huo.

Tarehe 8 Novemba 1895, huko Würzburg, Ujerumani, Mwalimu Röntgen alipitisha umeme katika chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Chupa ilikuwa imefunikwa kwa karatasi nyeusi, lakini kibao kilichopakwa dawa kiling'aa gizani. Miali isiyoonekana ilikuwa imepenya. Katika mashini ya leo, umeme wa makumi ya maelfu ya volti huzivuta chembe ndogo mno, ziitwazo elektroni. Hukimbia bila kizuizi, hugonga chuma kigumu, na zinaposimamishwa ghafula miali hutoka. Nguvu nyingi hupotea kuwa joto. Miali ni kidogo tu.

Lakini hewani je? Hapo elektroni hugongana na chembe za hewa kila hatua, kama mtu anayetaka kukimbia katikati ya soko siku ya watu wengi. Basi yawezaje kupata mbio? Mwaka 1925 C.T.R. Wilson wa Uskoti alifikiri hivi: elektroni iliyokwisha kupata mbio kubwa huzuiwa na hewa kidogo kuliko ile ya polepole. Nguvu ya umeme wa wingu ikikishinda kizuizi hicho, mbio zitazidi tu. Alifikiri vema. Mwaka 2001, vyombo vilivyowekwa mlimani New Mexico, Marekani, viliipokea miali wakati radi ilipokuwa ikishuka. Mwaka 2005 ikaonekana hata katika cheche ndefu za maabara.

Hata hivyo, si miali hiyo inayowaua watu wetu. Hewa huimeza upesi. Kinachoua ni umeme wenyewe upitao mwilini. Na milima ya Kivu hupigwa mno: Kabare, kusini mwetu, huhesabiwa zaidi ya mimweko 200 kwa mwaka katika kila kilometa mraba. Basi radi ikimwua mtu, msimtafute jirani aliyeituma. Mawingu yanatosha.

Ngurumo ikisikika, acheni shamba na mti, ingieni nyumbani. Aliyepigwa hana umeme uliobaki mwilini: mguseni mara moja. Kama hapumui, mkandamizeni kifua kwa nguvu na upesi, mpulizieni kinywani, wala msichoke kabla ya munganga kufika.

Nayo radio, mashini ikizimwa, hakuna miali inayobaki ndani yako. Ila mama mwenye mimba, au anayedhani anayo, na amwambie munganga kabla ya kuingia chumbani.