Jino Lisikunyime Usingizi

Simama mlangoni penye mwanga, shika kioo, panua mdomo. Anza na magego ya nyuma. Huko ndiko meno ya vijana yanakotoboka sana. Tafuta kitundu cheusi, doa jeupe kama chokaa, au mahali nyama inaponasa kila ukila. Maji baridi yakikutia ukakasi, kumbuka ni jino lipi.

Sasa tofautisha kuoza na madoa. Visima vingi vya Singida vina madini ya floraidi mengi kuliko miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yangali yanajijenga ndani ya ufizi, yanaota na madoa ya kahawia. Hayo si kuoza, wala si uchafu. Usiyasugue kwa mkaa, majivu au mchanga: utakwangua jino na rangi itabaki palepale. Unawajua wasichana wangapi wanaocheka wamefunika mdomo kwa kiganja? Waambie hawana kosa lolote.

Ila jino la kahawia nalo hutoboka. Kwa hiyo usiikwepe dawa ya meno yenye floraidi ukidhani itaongeza madoa. Ukishakuwa sekondari, meno yanayoonekana ukicheka yameshakamilika. Dawa inayakaza kwa nje tu. Soma boksi, chagua yenye kati ya 1,000 na 1,500 ppm.

Piga mswaki mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara. Ule wa usiku usiuruke hata ukiwa hoi. Ukimaliza, tema povu na usisukutue, ili dawa ibaki kwenye meno. Bwenini ambako maji ni ya shida, hilo ni nafuu kwako. Unatumia mswaki wa mti? Endelea, lakini upake dawa.

Kuhusu sukari, angalia unaila mara ngapi. Kila ukionja, bakteria wanatengeneza asidi inayolila jino, na mate yanahitaji muda kuituliza. Soda unayoinywa kidogo kidogo kuanzia saa nne hadi saa nane ni mbaya kuliko ile uliyoimaliza na chakula cha mchana. Pipi, kashata, ubuyu wa rangi, vyote ni hivyohivyo. Asali ya Manyoni ni tamu na naipenda, lakini kwa jino ni sukari.

Umeona kitundu? Nenda kwa daktari wa kinywa na meno hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa kabla hakijauma. Muulize: "Linaweza kuzibwa?" Uliza hata kama ulikwenda ukitaka kung'oa. Usitie tumbaku, petroli wala maji ya betri. Yanaunguza ufizi na tundu linabaki. Shavu likivimba na homa ikapanda, nenda siku hiyohiyo.

Una wadogo zako wasiofika miaka minane? Meno yao bado yanaweza kuepushwa na madoa. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji ya mvua huwa nayo kidogo sana, hivyo mvua zinapokaribia mwishoni mwa mwaka, safisha bati, osha tenki, na yale ya kunywa watoto yaweke kando.