Utii wa Stevens: somo kutoka filamu The Remains of the Day

Kila tunapofika kwenye somo la utii, swali ni lile lile: mkubwa akiamuru jambo baya, kosa ni la nani? Teolojia ya maadili ina jibu, nasi tutalifikia. Kwanza tuitazame filamu ya mwaka 1993, The Remains of the Day, iliyoongozwa na James Ivory kutokana na riwaya ya Kazuo Ishiguro ya mwaka 1989. Wengi huipenda kwa sababu ya mapenzi yasiyotamkwa kati ya watu wawili wazima. Sisi tunaitazama kwa sababu ya wasichana wawili ambao hawaonekani kwa muda mrefu.

Stevens, anayeigizwa na Anthony Hopkins, ni mtumishi mkuu katika jumba la Lord Darlington, miaka ya 1930. Chini yake wapo wahudumu wa mezani na wabeba mizigo. Wasichana wa usafi wako chini ya Miss Kenton, anayeigizwa na Emma Thompson. Uingereza ya wakati ule bado ilikuwa na mamia ya maelfu ya wanawake katika utumishi wa majumbani. Watumishi wenyewe nao walikuwa na madaraja: nani aketi wapi mezani, nani aitwe kwa jina la ukoo, nani amwamkie nani kwanza. Tabaka halikuwatenga matajiri na maskini tu. Liliingia hadi jikoni.

Baba yake Stevens, mzee aliyekuwa mtumishi mkuu enzi zake, sasa anafanya kazi chini ya mwanawe. Anaanguka akiwa amebeba sinia, na mwanawe ndiye anayepaswa kumwambia kwamba hatahudumia mezani tena. Atashika ufagio na brashi. Mzee anafariki chumbani kwake juu wakati mkutano wa kimataifa unaendelea chini. Stevens anapewa habari, kisha anarudi kwa wageni. Watazamaji wengi humwona kuwa na moyo wa jiwe. Kwa maoni yetu hukumu hiyo ni nyepesi mno. Huyu ni mtu aliyelelewa aamini kwamba heshima yake yote imo katika kutoonyesha kuwa ana moyo.

Sasa wale wasichana. Ni wakimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, walioajiriwa kufanya usafi. Lord Darlington, ambaye amekaa sana na marafiki wanaowapendelea Wanazi, anaamua kwamba Wayahudi hawafai kuwa nyumbani mwake. Anamwagiza Stevens awaachishe kazi, na Stevens anapeleka agizo kwa Miss Kenton kwa sauti ile ile anayotumia kutoa maelekezo ya chakula cha jioni. Miss Kenton anawaka: wasichana hawa wakikosa kazi wanaweza kurudishwa Ujerumani! Stevens anajibu kwamba Lord amesoma mambo hayo, na wao wawili hawana elimu ya kuyapima. Wasichana wanaondoka. Baadaye Lord mwenyewe anajuta na kuuliza kama wanaweza kupatikana, lakini muda umepita.

Tuangalie vizuri jibu la Stevens. Hasemi kwamba agizo ni jema. Anasema tu kwamba si kazi yake kulipima. Hapo ndipo tunapoona jeraha lenyewe la matabaka. Kumnyima mtu mshahara mzuri ni dhuluma, lakini kumshawishi kwamba kutofautisha jema na baya ni kazi ya watu wa juu ni dhuluma kubwa zaidi, kwa sababu inamnyang'anya dhamiri, naye anashukuru kana kwamba amepunguziwa mzigo.

Filamu inaonyesha jinsi jambo hili linavyofundishwa. Usiku mmoja mgeni wa Lord anamwita Stevens mbele ya wenzake na kumuuliza maswali ya uchumi na siasa za mataifa. Stevens anajibu kwa adabu kwamba hawezi kusaidia. Wageni wanacheka: mnaona, na watu kama hawa ndio wanaopiga kura! Sheria ya mwaka 1918 ilikuwa imewapa wanaume wote wazima haki ya kupiga kura, na ile ya 1928 ikawapa wanawake haki hiyo kwa usawa na wanaume. Hata hivyo, ndani ya jumba lile sheria hizo zilikuwa mzaha.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anauliza katika Summa kama walio chini wanapaswa kuwatii wakubwa wao katika mambo yote. Jibu lake ni hapana. Anataja utii wa aina tatu: ule unaotosha kwa wokovu, ule mkamilifu unaotii katika yote yaliyo halali, na ule usio na busara, unaotii hata yaliyo haramu. Huu wa tatu hauhesabu kuwa fadhila. Nayo Katekisimu, namba 1791, inasema kwamba kutojua kunaweza kuwa kosa la mtu mwenyewe, ikiwa hakujishughulisha kutafuta ukweli na wema. Stevens alihudumu katika chumba kile ambamo maneno yote yalisemwa. Kijana mmoja, ambaye Lord ni baba yake wa ubatizo, anamwuliza waziwazi kama haoni kinachotendeka. Anajibu kwamba kuona si nafasi yake.

Na tusiseme kwamba wakati ule hakuna aliyeweza kujua. Jumapili ya Matawi ya mwaka 1937, waraka wa Pius XI dhidi ya mafundisho ya Wanazi ulisomwa katika makanisa ya Ujerumani kwenyewe, tena kwa hatari.

Mwenzetu mmoja anaweza kupinga: je, Bwana hakutufundisha katika Luka 17 tujione watumishi tusio na faida? Naam. Lakini mtumishi wa mfano ule anasema hivyo baada ya kutenda lililompasa. Hasemi kwamba hana haja ya kujua limpasalo. Siku ya upadrisho tutaahidi utii mikononi mwa askofu, na ahadi hiyo inatolewa na mtu mwenye dhamiri. Asiye nayo hana cha kutoa.

Miaka imepita, vita vimekwisha, na Lord Darlington amekufa katika aibu. Stevens yuko safarini. Dukani anaulizwa habari za bwana wake wa zamani, naye anakana kumjua. Baadaye, kwa daktari aliyempa msaada njiani, anakiri. Kinachotushtua ni kile anachokiacha katika kukiri huko. Wasichana hawataji.

Miss Kenton aliahidi kuacha kazi wasichana wakifukuzwa, kisha akabaki. Anakiri mwenyewe kwamba ni mwoga, na kwamba nje ya jumba lile haoni kitu ila upweke. Kwa majadiliano ya vikundi tunaacha swali hili: kati yake, aliyeuona ubaya akashindwa na woga, na Stevens, ambaye hakujiruhusu kuuona, ni yupi aliye mbali zaidi na toba, na muungamishi angeanzia wapi na kila mmoja wao?