Jackson imemeza "aina" yangu

Nilikuwa nimeshafunga kompyuta dada wa uhasibu aliponipigia. "Kaka, malipo yote ya leo hayana aina. Nitayapangaje?" Nikaangalia hifadhidata: safu nzima ya aina ni null, juu mpaka chini. La ajabu, kila lipo lilikuwa limeingia kwenye klasi yake sawasawa. La simu lina namba ya simu, la kadi lina tarakimu nne za mwisho, la benki lina akaunti.

Mfumo wetu ni wa Java na maktaba ni Jackson. Klasi mama ni Malipo. Tanzu zake ni MalipoSimu, MalipoKadi na MalipoBenki. Kampuni inayotuletea taarifa hutuma JSON yenye sehemu iitwayo "aina", na hiyo ndiyo huamua itengenezwe objekti ya klasi ipi.

Ili Jackson ifanye uchaguzi huo, hatua ni tatu. Kwanza, juu ya klasi mama weka @JsonTypeInfo(use = JsonTypeInfo.Id.NAME, property = "aina"). Pili, weka @JsonSubTypes na uitaje kila tanzu na jina lake. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanakufikisha hapo, yanakupongeza, yanakuacha njiani.

Ya tatu ndiyo iliyonikeshesha ofisini. Jackson ikishasoma "aina" na kuchagua klasi, inaimeza. Kwake ile ni lebo ya mzigo tu: mzigo ukishafika, lebo inabanduliwa. Hata ukiwa na private String aina kwenye klasi mama, huambulii kitu, na hakuna kosa lolote linalorushwa. Nikakagua setter, nikakagua hifadhidata, nikawapigia jamaa wa kampuni inayotuletea taarifa. Wakanijibu kwa kiburi kuwa upande wao hauna tatizo, na safari hiyo, kwa bahati mbaya, walisema kweli. Dawa yake: visible = true, ndani ya @JsonTypeInfo ileile. Usipoiandika, ni false. Na kama objekti hizo unazirudisha kuwa JSON, ongeza include = JsonTypeInfo.As.EXISTING_PROPERTY, la sivyo "aina" itatokea mara mbili.

Jamaa wenyewe bado sijawasamehe. Baadaye walianza kutuma aina mpya, "pochi", bila hata ujumbe mfupi, na mfumo ukajaa InvalidTypeIdException. Ndipo nikaweka defaultImpl = MalipoMengine.class, tanzu ya nne yenye @JsonAnySetter inayokusanya kila sehemu isiyojulikana kwenye Map. Hapo visible ilinilipa tena: neno "pochi" lilibaki ndani ya objekti, dada wa uhasibu akaliona kwenye ripoti kabla yangu.

Kuna watakaoniambia nihamie maktaba ya Gson. Huko RuntimeTypeAdapterFactory haimo hata kwenye maktaba kuu, unanakili faili mwenyewe, na nayo huondoa sehemu ya aina usipoikataza. Sihami.

Ila ukikuta ushauri wa kutumia enableDefaultTyping au Id.CLASS kwa data inayotoka nje, upite mbali. Hapo mtumaji ndiye anayekuchagulia klasi ya kutengeneza, na mlango huo ndio uliozaa udhaifu wa usalama wa CVE-2017-7525. Majina ya tanzu yaorodheshe mwenyewe.